Mto Wetu Uko na Wenyewe: Kusoma Upya Gordon na Hardin Pale Wagenia



Leo nataka kuchambua maandishi mawili ambayo karibu sisi wote tuliosoma uchumi, agronomia ao mazingira tuliyapata katika fotokopi za kozi. La kwanza ni makala ya H. Scott Gordon, mwanauchumi wa Kanada, iliyotoka mwaka 1954, juu ya uchumi wa uvuvi. La pili ni makala ya Garrett Hardin, mtaalamu wa biolojia wa Marekani, iliyotoka katika jarida la Science mwezi wa Desemba 1968. Hii ya pili njo ile maarufu ya "msiba wa mali ya wote". Tuliyakariri, tukajibu mitihani, tukapata pointi. Mimi niliyaweka hata katika sura ya kwanza ya memuari yangu. Niliandika hivi, kwa Kifaransa kizuri: mto Kongo ni mali isiyo na mwenyewe, kwa hiyo kila mvuvi anavua bila kufikiria kesho, kwa hiyo samaki wataisha.

Jopo la walimu walinipongeza. Nilifunga kitabu na jalada la bluu, nikachukua kopi moja, nikapanda toleka mpaka komini ya Kisangani, kwa baba ya rafiki yangu. Ni Mgenia, na alinisaidia sana wakati wa utafiti. Nilitaka kumpa zawadi. Mzee akaomba mtoto wake amsomee kidogo na kumtafsiria. Wakafika kwenye ile sentensi. Akacheka, kisha akanyamaza, kisha akaniangalia:

"Mwana, mto haina mwenyewe? Basi kesho asubui uende utie kitunga yako pale kwenye miti ya koko yangu. Halafu urudie hapa kunielezea."

Sikwenda. Lakini tangu siku ile ninarudilia kusoma yale maandishi, na haya hapa njo majibu yangu kwa mzee, yamechelewa miaka kadhaa.

Kwanza, tuwape haki yao

Sitaki kuwa kama wale wanaosoma Ulaya waseme kila kitu cha Ulaya ni uongo. Gordon aliona jambo la kweli, na linaweza kuelezwa kwa hesabu ndogo. Tuchukue mfano wa kubuni. Sehemu moja ya mto iko na pirogi 10. Kila moja inapata kilo 30 kwa siku, jumla kilo 300. Tuseme gharama ya siku, yaani nyavu, matengenezo na jasho la mvuvi, ni sawa na kilo 10. Faida ya wote pamoja ni kilo 200.

Pirogi zikiwa 15, kila moja inapata kilo 25. Jumla ni 375, faida 225. Zikiwa 20, kila moja inapata kilo 20: jumla inapanda mpaka 400, lakini faida inashuka mpaka 200. Zikiwa 30, kila moja inapata kilo 10 tu. Jumla inarudi 300, sawasawa na wakati wa pirogi 10, na faida ni sufuri. Watu mara tatu, samaki wale wale, na hakuna anayebaki na kitu.

Kwa nini wasisimame kwenye 15, pale faida iko kubwa? Juu mvuvi wa 16 akiangalia mto anaona kilo 24, gharama 10, faida 14 kwa nyumba yake. Haoni kwamba kuingia kwake kunapunguza kilo moja kwa kila mmoja wa wale 15. Ile hasara haimgusi yeye. Anaingia. Na wa 17 vilevile, mpaka faida iishe. Njo Gordon huyo, na mpaka hapa ninamkubali kabisa. Kila mtu aliyekaa Kisangani anajua namna ile: angalieni toleka, angalieni vibanda vya kununulia yuniti za simu. Wa kwanza alijenga nyumba, wa mia anatafuta chakula ya leo.

Hardin alichukua wazo linalofanana na hilo akaliweka kwenye malisho ya ng'ombe. Kila mchungaji anaongeza ng'ombe mmoja, faida ni yake, hasara ni ya wote, malisho yanakufa. Katika makala ile alitaja pia bahari na samaki wake. Dawa alizotoa ni za kugawa mali iwe ya watu binafsi, ao kulazimishana kwa sheria.

Ukurasa uliopotea katika fotokopi

Sasa tuangalie walichofanya wenye kutufundisha, na sisi wenyewe tulichofanya baada yao.

Malisho ya Hardin hayakuwa mahali. Hakwenda kijiji fulani kuhesabu ng'ombe. Aliwaza malisho yaliyo wazi kwa wote, akawaza wachungaji wasiosemezana, akapata jibu ambalo lilikuwa tayari ndani ya swali. Tena, kiini cha makala yake hakikuwa ng'ombe wala samaki. Alikuwa anabishana juu ya wingi wa watu duniani na haki ya kuzaa. Wangapi kati yetu tulijua hiyo? Mimi sikujua, juu sikuwa nimesoma makala. Nilikuwa nimesoma kurasa mbili za muhtasari wa makala. Katika miaka ya 1990 Hardin mwenyewe alikubali kwamba alipaswa kusema wazi: anazungumzia mali ya wote isiyo na uongozi. Hilo neno "isiyo na uongozi" linabadilisha kila kitu, na halijafika kwenye fotokopi zetu mpaka leo.

Kwa Gordon ni vibaya zaidi, juu yeye hakukosea hapo. Siku nilipopata makala yake nzima nilishangaa. Kuelekea mwisho anasema wazi kwamba jamii za kale zilizotulia zilionekana kuwa zimekwisha kutambua hatari ya mali iliyo wazi kwa kila mtu, na zilitunga taratibu za kulinda riziki zao. Anatoa mfano wa maeneo ya kuwinda ya Wahindi wa Amerika ya Kaskazini. Kumbe mwenye nadharia alijua kwamba mahali pengine watu waliweka mipaka kabla ya mwanauchumi kuzaliwa! Sisi tulibaki na mchoro wa mistari miwili inayokutana, tukaacha ukurasa uliotuhusu.

Ninaita hiyo kosa la kusoma. Si kosa dogo, juu wengi wetu njo wanaoitwa na miradi na idara kuandika "mpango wa usimamizi wa uvuvi". Ukianza na sentensi kwamba mto hauna mwenyewe, sentensi ya pili inajiandika yenyewe: basi tuunde komite, tutoe kadi, tutoze. Na yule mwenye miti ya koko yake anakuwa "mnufaika wa mradi" kwenye mto wa nyumba yake.

Miti ya Wagenia kama taasisi

Tunaijua wote ile picha. Iko kwenye kalenda, kwenye kadi za posta, kwenye ukuta wa hoteli. Miti mirefu imesimamishwa ndani ya maporomoko, imefungwa kwa kamba za msitu, na vitunga vikubwa vyenye mdomo mpana vinashushwa katika maji makali. Nguvu ya maji njo inasukuma samaki ndani. Wanaume wanaogelea ao wanapita na pirogi kuvikagua. Stanley alipopita hapa mwaka 1877 aliyapa maporomoko jina lake. Leo yanaitwa Boyoma. Ni saba, yametandazwa kwenye kilometa zaidi ya 100 kati ya Ubundu na Kisangani, na sisi tunakaa kwenye la mwisho.

Kasoro ya ile picha ni kwamba inaonyesha ujasiri na kuficha sheria. Mtalii anaona wanaume wenye misuli. Mwanauchumi alipaswa kuona mambo mengine manne.

Jambo la kwanza: mahali pa kusimamisha miti panafuata familia. Pana historia, pana majina ya mababu, na mgeni haingii tu. Kwa hiyo lile swali la Gordon, nani atamzuia mvuvi wa 16, hapa liko na jibu. Kuna mtu wa kusema hapana, na wengine wanakubali kwamba ana haki ya kuisema.

La pili: idadi ya mahali inawekwa na mawe yenyewe. Huwezi kuongeza mwamba juu umepata mkopo. Kwenye ile hesabu yetu, ni kama mto wenyewe ulisimamia pirogi kwenye namba fulani.

La tatu: chombo kinangoja samaki, hakimfukuzi. Kitunga chenye matundu kinaacha wadogo wapite, na maji yakipanda sana kazi inasimama. Kuna likizo ya samaki ambayo hakuna waziri aliyeitangaza.

La nne, na mimi ninaona ni kubwa kuliko yote: ile miti ni kazi ya wengi. Mtu mmoja hawezi kuisimamisha. Inabomolewa na maji, inajengwa tena. Anayekosa siku ya kujenga anajulikana. Anayeiba katika kitunga cha mwenzake anajulikana. Ulinzi hauna mshahara, juu kila mtu yuko pale akiangalia kitunga chake na, bila kutaka, anaangalia pia cha jirani.

Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009, alikusanya mifano ya namna hii katika kitabu chake cha 1990. Mmoja ni wa wavuvi wa Alanya, mji wa pwani ya Uturuki. Wavuvi waligombana juu ya mahali pazuri pa kutega nyavu. Wakaandika orodha ya mahali pote, wakapiga kura ya bahati mwezi wa Septemba, na kila siku kila mvuvi anahamia mahali panapofuata, ili wote wafike kwenye pazuri kwa zamu. Anayeruka zamu anaonwa mara moja na yule ambaye siku ile ni zamu yake. Ostrom hakusema watu wa kijiji ni malaika. Alisema wanaweza kutunga sheria ikiwa wanajuana, mipaka iko wazi, na serikali haiwavunjii kile walichokubaliana. Nilipomsoma nilijiuliza kwa haya: nilihitaji Mturuki anionyeshe kitu kilicho kilometa chache kutoka chumba changu?

Lakini tusipige vigelegele mapema

Hapa ninataka kuwakosoa pia wale wenzetu wanaosema "turudie mila ya mababu na mambo itatengenezeka". Niliporudi kwa mzee, nikamwambia kwamba nimesoma tena na kwamba alikuwa na haki, nilifikiri atafurahi. Akanijibu:

"Nina haki, ndiyo. Lakini samaki zinapunguka tu. Miti ni yetu. Samaki yeye anatembea."

Miti ni yetu, samaki anatembea. Ile ni kasoro ya nadharia ya Ostrom ikipelekwa mbali sana, imesemwa kwa maneno sita. Sheria ya Wagenia inalinda mahali, hailindi samaki. Kapitene anayeingia kitunga leo amekulia mahali pengine. Samaki wengi wa kwetu wanazaa maji yanapopanda na kuingia katika msitu, kandokando ya mto na ya matawi yake: Tshopo, Lindi, Aruwimi, Lomami. Anapita kwa Walokele upande wa Yangambi na Isangi, anapita kwenye nyavu za wengine wasio wa huku wala kule. Kule chini hakuna mawe ya kuhesabu mahali. Maji ni mapana, pirogi yoyote inaingia. Kule njo Gordon anakuwa mkweli.

Na kule njo kuna mustikeri. Tuseme wazi: chandarua kilichotolewa bure kwa ajili ya malaria kinatumika kuvulia, na kinabeba hata samaki wa urefu wa kidole. Wengi tunasema "ni ujinga, tuwaelimishe". Mimi sikubali. Rudieni kwenye hesabu yetu. Nilisema gharama ya siku ni kilo 10, na ndani yake kuna jasho la mvuvi. Jasho lina bei gani? Lina bei ya kazi nyingine ambayo angeweza kufanya. Kijana akiwa hana kazi nyingine, jasho lake ni karibu bure, na nyavu zake ni chandarua cha bure. Gharama inashuka kutoka kilo 10 mpaka 5. Fuateni ile namba: pirogi hazisimami tena kwenye 30, zinafika 35, na kila moja inapata kilo 5. Jumla inashuka mpaka 175. Yaani ukosefu wa kazi mjini unaonekana ndani ya mto. Yule kijana hana haja ya somo juu ya samaki wadogo. Anajua kuliko mimi. Anachokosa ni mahali pengine pa kupeleka mikono yake. Waziri wa kazi, kama angejua, naye ni waziri wa uvuvi.

Tena kuna soko. Ingia soko lolote la mjini, ona watu wanazunguka katoni gani: Thomson, mpiodi, samaki wa bahari ya mbali, waliofika hapa wakiwa barafu. Kapitene mbichi wa mto ni wa karamu na wa wageni. Wengine wanaona aibu: mji uko juu ya mto mkubwa kuliko yote Afrika kwa wingi wa maji, na unakula samaki wa Atlantiki. Mimi naona mambo mawili kwa wakati mmoja. Thomson inashibisha mtoto wa mwalimu asiyelipwa vizuri, na pengine inapumzisha mto kidogo. Lakini inaweka pia bei ya samaki wadogo chini sana, na mvuvi mwenye deni anajibu bei ya chini kwa kuvua zaidi, si kwa kuvua kidogo. Kitabu cha kozi kinasema bei ikishuka wavuvi wanatoka. Watoke waende wapi?

Nani anakamata, nani analipa

"Basi serikali ifanye kazi yake," mtaniambia. Sawa. Tuangalie wenzetu walivyofanya.

Kwenye ziwa Viktoria kuna samaki ileile ya kapitene wetu. Kule wanamwita sangara. Kwetu ni mwenyeji; kule aliletwa na watu katika miaka ya 1950 na 1960, akawa biashara ya viwanda na ya ndege za kwenda Ulaya. Nchi tatu ziliunda komite za mwalo, wavuvi wenyewe wachague viongozi na kusimamia. Uganda ikasimamisha komite zile mwaka 2015, na mwaka 2017 ikaleta jeshi ziwani. Mitumbwi mifupi na nyavu zisizo halali zilichomwa. Wenye viwanda walisema sangara wakubwa wanarudi. Wenye mitumbwi midogo walisema wamebaki bila mkate. Wote wawili wanaweza kuwa wakweli, na hapo njo kuna somo: faida ile ya 225 ilitafutwa kwa nguvu, lakini ilikwenda kwa nani? Hesabu ya Gordon inaonyesha faida kubwa iko wapi. Haisemi hata neno moja juu ya wale 15 waliotolewa mtoni ili faida iwepo.

Kwenye Tanganyika, nchi nne zenye ziwa zilikubaliana juu ya kulipumzisha, na Tanzania ikafunga uvuvi upande wake tangu tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti 2024. Mimi ninaona wazo ni zuri. Dagaa wanazaa haraka na miezi mitatu inaweza kuonekana. Lakini jiulizeni kama mwanauchumi: miezi ile mitatu ni mkopo ambao mvuvi anaikopesha nchi. Mwenye meli ana akiba. Mama anayekausha dagaa hana. Ukimkopa maskini bila kumwambia atalipwa lini, usishangae akienda usiku.

Na kwetu wenyewe, ziwa Edward. Upande wa Kongo uko ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoundwa mwaka 1925. Kuna vijiji vya uvuvi vinavyoruhusiwa, kama Vitshumbi na Kyavinyonge, na idadi ya pirogi ilipaswa kuwa na kipimo. Kwenye karatasi ni Gordon mtupu: zuia wa 16. Vita vilipokuja, wenye silaha wakaanza kuuza jetoni zao kwa wavuvi, na kipimo kikavunjika. Kibali kikawa bidhaa, na mwenye kukiuza alitaka wavuvi wengi iwezekanavyo. Hiyo haiko katika mchoro wetu wa mistari miwili: msimamizi ambaye anakula zaidi kadiri pirogi zinavyoongezeka.

Hatuhitaji bunduki ili kufika pale. Ninamfahamu mama mmoja anayenunua samaki wa moshi chini ya mto na kupandisha mjini. Kila bandari kuna meza, kila meza kuna karatasi, na karatasi hazifanani. Nilimuuliza anafanya nini na zile karatasi. "Ninafungia biashara," akasema. Kozi inasema ushuru unaweza kuokoa samaki, juu unapandisha gharama na kupunguza uvuvi. Ndiyo, kama ni ushuru mmoja, unaojulikana, unaofuata uzito ao aina ya nyavu. Lakini huu unatozwa kwa mama njiani, bila kuuliza samaki ni mdogo ao mkubwa. Mama anaurudisha kwa mvuvi kwa kupunguza bei. Mvuvi anaongeza usiku wa kuvua. Samaki hakupata mlinzi hata mmoja katika ile safari yote ya pesa.

Ile namba ya 700,000

Neno moja juu ya takwimu, kabla ya kufunga. Katika ripoti nyingi juu ya uvuvi wa nchi yetu mutakuta kwamba Kongo inaweza kutoa tani kama 700,000 za samaki kwa mwaka. Nami niliinakili. Kila ripoti inaitoa kwa ripoti iliyotangulia, na inatumiwa kusema: tazama utajiri unaolala, tulete mashine. Lakini hata ikiwa ni kweli kwa nchi nzima, yenye maziwa, mabwawa na mito, haimwambii mtu wa Isangi avue ngapi. Kwenye hesabu yetu ndogo, jumla kubwa kabisa ilikuwa 400, na pale faida ilikuwa imekwisha kuanza kushuka. Anayekimbilia jumla kubwa kabisa amepita tayari mahali pa kusimama. Namba ya kitaifa bila mahali ni kama malisho ya Hardin: inawezekana kuiwaza, haiwezekani kuisimamia.

Nini cha kufanya na kozi zetu

Sisemi tuchome fotokopi. Ninasema tusibebe nadharia kama kibali cha kuingia mto wa watu. Ninapoalikwa sasa kutoa maoni juu ya mpango wowote wa uvuvi, ninauliza maswali manne, na ninawaachia nanyi. Hapa nani anaweza kusema hapana, na watu wakamsikia? Samaki huyu amezalia wapi, na wale wa kule wamekaa meza moja na wa hapa? Anayetolewa mtoni atafanya kazi gani kesho asubui? Na anayetunza kibali, anakula zaidi pirogi zikiwa chache ao zikiwa mingi? Mpango usiojibu swali la nne umekufa hata kama umepigwa muhuri.

Kuna pia kazi ambayo haihitaji mradi wala dola. Kila mwaka wadogo zetu wanatafuta mada za memuari na wanarudilia zile zile. Achieni hizo. Mmoja akae na familia moja ya Wagenia, mwaka mzima, aandike kila siku: samaki wangapi, aina gani, urefu gani, bei gani, maji yalikuwa juu ao chini. Mwengine afanye hivyo Ubundu, mwengine Yangambi, mwengine Isangi. Halafu daftari zile nne zikutane. Juu samaki yeye anatembea, basi na daftari zitembee. Ile itakuwa mara yetu ya kwanza kuwa na namba yenye mahali, na Walokele na Wagenia watakuwa na kitu cha kuweka mezani siku ya kuzungumza.

Kuhusu memuari yangu: ile kopi ya bluu bado iko kwa mzee. Mwezi uliopita nilimwomba kalamu, nikafuta ile sentensi mbele yake, nikaandika juu yake: "mto uko na wenyewe, lakini hawajakaa pamoja." Mtoto wake akamsomea. Akatingisha kichwa, akasema: "Haya. Sasa ukuye wiki ijayo, tutasimamisha mti mupya. Ukuye na mikono, kitabu uache."

Nilikwenda. Mikono iliniuma siku tatu. Anayetaka kukosoa hesabu zangu, karibu, lakini kwanza aseme anakaa kando ya mto gani.